Kitabu cha Ami na karatasi ya Marekani

Alhamisi usiku, saa nne, printa yangu iligoma. Haikulia wala haikutoa karatasi, taa ya rangi ya chungwa tu inawaka na kuzima. Jumamosi alfajiri mtoto wa kaka yangu alikuwa anasafiri kutoka Maskati kwenda Unguja, halafu avuke Pemba, na begini alitakiwa achukue kitabu cha Ami.

Ami ndiye ndugu wa mwisho wa marehemu baba aliyebaki hai. Yuko Wete. Kwa miezi minane amekuwa akinitumia sauti kwa WhatsApp kila baada ya chai ya asubuhi: nani kamzaa nani, nani alioa wapi, babu alishukia bandari gani. Mimi kazi yangu kusikiliza na kuandika. Macho yake yanakwenda, na yeye mwenyewe anajua. Aliniambia, "Mwanangu, sitaki kusomewa. Nataka nikisome mwenyewe. Fanyeni haraka, na herufi ziwe kubwa." Nikaandika kwa ukubwa wa 18, kikatimia kurasa 44.

Sasa hiyo taa. Ilinichukua karibu saa nzima kufahamu printa inadai nini. Kumbe inadai karatasi ambayo hapa Omani huipati dukani! Faili lilianzishwa na binti wa dada yangu aliyeko Marekani, na kompyuta za kule hufungua ukurasa kwa kipimo chao kinachoitwa Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi huku, na kwetu Afrika Mashariki, na Uingereza, tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Ya Marekani ni nene kidogo na fupi. Kwa macho huoni tofauti, lakini printa inaona. Wajerumani ndio walioweka hivi vipimo vya A mwaka 1922, na hesabu yake ni nzuri: ukiikunja A4 katikati unapata A5 yenye umbo lilelile. Wamarekani wakabaki na yao. Kwa hiyo familia yenye mtoto Ohio, shangazi Maskati na mzee Wete, lazima siku moja igombane na karatasi.

Nikaingia palipoandikwa "Layout", nikabonyeza "Size", nikachagua A4. Nikaprinti. Kurasa 16 zikatoka safi, ya 17 taa ikawaka tena.

Hapa wengi mtakwama kama nilivyokwama mimi. Ukurasa wa 17 ulikuwa na shajara ya ukoo, na kwa kuwa ni pana, binti aliulaza ubavu. Kuulaza ukurasa mmoja tu, programu hulikata faili vipande: kabla ya shajara, shajara yenyewe, na baada yake. Kila kipande kina kipimo chake cha karatasi. Mimi nilikuwa nimebadilisha kipande cha kwanza peke yake. Dawa ni kuchagua faili zima kwanza kwa Ctrl na A, kisha ndipo ubadilishe kipimo. Ukimaliza, pita kwenye shajara uhakikishe bado imelala.

Printa ikakubali, nikashusha pumzi. Halafu nikatazama kurasa zenyewe. Vichwa vya habari vyote vimehama. "Watoto wa Bibi" iko chini kabisa ya ukurasa peke yake, na watoto wenyewe wako ukurasa wa pili. Hili, wallahi, siwezi kumsingizia Mmarekani yeyote. Ni kosa langu mimi.

Nilisoma sekondari ya misheni Mombasa, na baadaye nikasomesha humohumo. Masista walitufunza taipu kwa mashine zile nzito, zinazopiga kengele ukikaribia mwisho wa mstari. Ukitaka ukurasa mpya unazungusha roda mpaka karatasi itoke. Ukitaka neno likae katikati unahesabu nafasi. Mazoea hayo sijayaacha. Kwenye kompyuta nilikuwa nabonyeza Enter mara kumi, kumi na tano, mpaka mshale ufike ukurasa unaofuata. Kwa karatasi ya Letter ilikaa sawa. Karatasi ilipokuwa ndefu zaidi, mistari miwili mitatu ikapata nafasi chini, na kila kichwa kikapanda kuijaza.

Kuna alama moja kwenye programu, mfano wa herufi P iliyogeuzwa. Ibonyezeni. Inaonyesha kila Enter na kila nafasi uliyoiweka kwa siri. Nilipoibonyeza, faili la Ami lilikuwa kama uwanja wa kuku. Nikakaa mpaka saa nane usiku, nafuta Enter zangu moja moja, na penye kuanza ukurasa mpya nabonyeza Ctrl pamoja na Enter mara moja tu. Ukurasa ukikatwa hivyo, hata ubadilishe karatasi mara mia, kichwa hakihami.

Ijumaa baada ya alasiri nikaenda stesheneri na flashi yangu. Kitabu kitatiwa waya ubavuni, kwa hiyo usiku nilikuwa nimeshaongeza pambizo la upande wa matundu likawa sentimita 3. Mwenye kuchapa pande mbili akumbuke: upande wa matundu ni kushoto kwa ukurasa wa 1, lakini ni kulia kwa ukurasa wa 2. Kwenye pambizo chagua lile la kurasa zinazotazamana kama kioo, la sivyo matundu yatatoboa maneno.

Kijana wa dukani akafungua faili, nikaona kurasa 46. Nilikuwa na 44! Majina ya Kiarabu niliyoyaandika kwa fonti niipendayo yamegeuka sura, kwa sababu kompyuta yake haina fonti ile, ikaweka yake. Herufi zikawa pana, mistari ikaongezeka. Yule kijana akasema haidhuru, tuchape tu. Nikamwambia mwanangu, kwako haidhuru. Nikarudi nyumbani kwa teksi, nikalihifadhi faili kama PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani, nikarudi kabla ya magharibi. Zikatoka 44. Nilimwomba pia achague kuchapa kwa ukubwa halisi, asibane, maana mashine nyingi hupenda kupunguza ukurasa bila kukuuliza.

Nikachapisha nakala moja kwanza, nikaipekua yote nimesimama pale kaunta, ndipo nikaagiza nne zaidi. Mtoto wa kaka aliondoka nazo alfajiri.

Jumatatu ikaja sauti kutoka Wete. Kwanza kimya kirefu, nasikia kurasa zikifunuliwa. Kisha Ami akasema, "Shajara nimeiona yote. Bila miwani sikuweza, kwa miwani nimeweza." Akakohoa. "Lakini bibi yako mzaa baba ulivyomwandika siye. Huyo ni dada yake. Rekebisha."

Faili liko wazi mbele yangu sasa hivi. Nimeshamrudisha bibi mahala pake, kurasa bado 44, na kuna jirani anasafiri wiki ijayo.