Nyumba Nayo ni Mahali pa Kazi

Tunapozungumzia mazingira mema ya kazi, fikra zetu hukimbilia maofisini, bandarini na mahotelini. Waume na wana wetu warudipo jioni, twawasikiliza wakimlalamikia mkubwa asiye na shukurani na mshahara uliochelewa. Twawahurumia, na ni haki yao. Lakini jikoni mwetu yumo mwajiriwa mwingine, aliyeamka kabla yetu na asiyelala mpaka sote tulale. Huyo naye ana mwajiri, na mwajiri wake ni mimi na wewe.

Tuutazame mwezi wa Ramadhani. Binti huyu huamka kupasha daku, akashinda na kufua na kupiga deki, na alasiri akasimama mbele ya mafuta ya moto akikaanga kaimati na sambusa. Adhana ya magharibi ikilia, sisi tumekwisha kukaa mkekani. Yeye angali anapakua. Afuturu saa ngapi? Aswali saa ngapi? Na tarawehe tunayoikimbilia sisi, yeye amebakia na masufuria.

Mafunzo ya dini yetu katika jambo hili ni bayana. Anas bin Malik (R.A.) aliletwa na mama yake, Umm Sulaym, kumtumikia Mtume (S.A.W.) angali mdogo. Alimtumikia miaka 10, na akasimulia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuudhika. Abu Dharr (R.A.) naye alionekana yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja. Alipoulizwa, alieleza kuwa aliwahi kumtukana mtu kwa mama yake, na Mtume akamkanya kwamba ndani yake mngali na ujahilia. Akafunzwa kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu: wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasitwikwe wasiloliweza, na kazi ikiwa nzito, tuwasaidie.

Basi vipi kuhusu kile kikombe cha bati tulichomtengea peke yake? Vipi kuhusu mtoto wa miaka saba anayemfokea mtu mzima, nasi tukanyamaza? Mtoto hakuzaliwa na maneno hayo, ameyaokota kwetu.

Sheria ya nchi nayo haikumsahau. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa kila mwajiriwa, wa nyumbani akiwemo, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi wapasa kuandikwa. Akishatimiza miezi miwili kazini, akiugua hulipwa mshahara kamili kwa siku saba na nusu mshahara kwa siku saba nyingine. Hizi si hisani zetu. Ni haki zake.

Dada zangu, marekebisho hayahitaji mali nyingi. Tukae naye siku ya kwanza, tuandike kazi zake, mshahara na siku yake ya kupumzika. Tumlipe kwa tarehe tuliyoagana, kwani tumehimizwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Sahani ikivunjika, tusimkate mshahara kwa hasira. Tumwite kwa jina lake. Wakati wa swala ukifika, tumwachie nafasi. Na futari ikiwa tayari, awe nasi mkekani, kisha watoto waoshe vyombo.

Huenda tukaona kazi imepungua kasi. Lakini mtu aliyepumzika hufanya kazi kwa moyo, na mtu aliyeheshimiwa huwalea wanetu kwa mapenzi. Kila binti aliye jikoni mwetu ana mama mahali fulani aliyemwaga kwa dua, akitaraji kuwa amefikia mikono ya wema, kama Umm Sulaym alivyotarajia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe sisi wa kumvunja mama huyo moyo. Amin.