Mwindo akiingia kwenye simu, ruhusa ni ya nani?

Wanyanga wa Walikale, Mubi ikiwamo, wana utendi wa Mwindo: mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, akafungiwa ndani ya ngoma na baba yake, Shemwindo, akatupwa mtoni, na baadaye akamfuata baba huyo hadi kuzimu, mgwisho wake mkononi. Kisa hiki kinafaa sana kwa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Anayetaka kukitolea toleo la simu amwombe nani ruhusa?

Kwanza tutenge kisa na matini. Hakimiliki hulinda maneno yaliyotungwa, si wazo. Mwaka 1956 Candi Rureke alisimulia utendi huu kwa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuhariri, wakautafsiri kwa Kiingereza na kuuchapisha Marekani mwaka 1969. Huko, kitabu cha mwaka huo hulindwa kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2064. Kwa hiyo kijana wa Mubi anaweza kutunga mchezo wa Mwindo kwa maneno yake mwenyewe bila kumwomba mchapishaji. Akinakili kurasa za kitabu katika programu inayosambazwa Marekani, atahitaji idhini, ingawa masimulizi yalitoka kinywani mwa mzee wa kwao.

Pili, leseni ina mipaka ya umbo. Kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo wa Dungeons & Dragons, ilikuwa na leseni huria tangu mwaka 2000. Desemba 2022 ilitangaza kwamba toleo jipya la leseni hiyo litahusu tu maandishi yaliyochapwa na faili tuli kama PDF. Programu na michezo ya video ingebaki nje. Watunzi na wachezaji walipinga vikali, na tarehe 27 Januari 2023 kampuni ikaweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa kwa waliokwisha kuipokea.

Hili linatuhusu sisi tunaokusanya masimulizi. Fomu ya ridhaa inayosema "kwa utafiti" peke yake haitoshi. Itaje kitabu, sauti kwenye intaneti, tafsiri na mchezo, kila kimoja kwa jina lake. Iseme pia nani ataombwa ruhusa msimulizi akifariki, na nakala ipi itabaki kijijini. Bila hayo, wajukuu wake watalazimika kuomba ruhusa ughaibuni ili wasome maneno ya babu yao kwenye simu zao.