Sarafu ya bibi haisuguliwi kwa stiliwaya!

Msomaji wangu mpendwa, leo nakuja kwako na kilio. Si kilio cha mapenzi, la hasha! Nalilia rupia moja ya fedha niliyoiua kwa mikono yangu mwenyewe, tena huku naimba.

Bibi yetu alipofariki aliacha mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na rupia mbili za Mjerumani za mwaka 1906, zile zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai. Bibi hakuwahi kuzitumia, hata sharubu za Kaiser zilikuwa bado zinaonekana. Ila zilikuwa nyeusi tii! Ada ya mtoto ilikuwa imenikaba koo, nikasema hapa nimepona. Nikachukua moja, nikaipaka dawa ya meno na majivu, nikaishukia kwa stiliwaya. Dakika kumi tu, inang'aa kama kijiko kipya. Ya pili mkono ulichoka, nikaiacha.

Nikaenda kwa mzee mmoja mjini anayenunua vitu vya kale. Akaishika ile inayong'aa kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza chini ya taa, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, nani kaisugua hii?"

"Mimi, mzee wangu. Si imetakata?"

"Hukuondoa uchafu. Umeondoa fedha."

Akanipa kioo cha kukuzia. Yarabi! Uso mzima ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, imekwenda huku na huku. Sharubu ndo hivyo, zimelainika.

Kumbe weusi ule si uchafu. Ni fedha yenyewe iliyokutana na salfa ya hewani ikajifunika. Ukiusugua, unaondoka na ngozi ya sarafu. Dawa ya meno ina unga mgumu wa kukwangua meno, na fedha ni laini kuliko jino. Stiliwaya ndiyo usiseme! Na mkwaruzo hauna dawa, kwani ukijaribu kuung'arisha unakwangua zaidi. Wakusanyaji wa sarafu wanautambua mara moja, na bei inaporomoka.

Yangu ilipimwa uzito kama chuma chakavu cha sonara, gramu 11 na ushee. Ile nyeusi, niliyoona haya hata kuitoa kwenye pochi, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya ada. Jamani!

Za shaba nazo ni vivyo hivyo. Wajerumani walianza kutoa heller mwaka 1904, 100 kwa rupia moja, na hapo ndipo tulipopata neno letu "hela". Ukizitumbukiza kwenye ndimu, asidi inakula shaba, zinatoka na rangi ya waridi isiyo ya kawaida. Ile rangi ya kahawia ndiyo koti lao.

Na kama nyumbani kwenu kuna sarafu ya mwaka 1916 yenye herufi T, chonde chonde, usiiguse! Hiyo ilipigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani walipozibiwa njia ya bahari. Zipo za heller 20, na zipo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Hizo za dhahabu zinatafutwa dunia nzima.

Sasa ufanyeje? Kwanza, usifanye kitu. Ikiwa ina udongo, iloweke kwenye maji safi yasiyo na chumvi, uiache itoe yenyewe. Usiisugue hata kwa kitambaa, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuchora uso mzima. Ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini cha pamba. Ishike pembeni, kwani jasho la vidole huacha alama. Usizichanganye kwenye mkebe zikagongana, wala usizifunge kwenye plastiki laini zile zenye harufu, maana baada ya muda hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Kila moja ipe bahasha yake ya karatasi.

Ile rupia yangu iliyouawa ninayo bado, nimeiweka kwenye kabati la vyombo. Kila nikishika stiliwaya kuosha sufuria, Kaiser ananikodolea macho.

Haya, tukutane wiki ijayo!