Je, udongo wa uani kwako una sumu? Fahamu kipimo cha eksirei

Ukiishi karibu na machimbo ya dhahabu, kama Sekenke wilayani Iramba, huenda umezoea kuona karasha likisaga mawe na zebaki ikichomwa. Mvuke na mabaki yake huweza kuacha zebaki kwenye udongo. Baadhi ya miamba ya dhahabu pia ina risasi. Kwa macho huwezi kuzitambua.

Kipimo hufanyaje kazi?

Kuna kifaa cha mkononi kinachopiga mionzi ya eksirei kwenye udongo. Kila metali hujibu kwa mionzi yake ya pekee. Programu huisoma na kuonyesha kiasi cha kila metali ndani ya dakika chache. Vipimo vya sehemu nyingi vikiwekwa kwenye ramani, huonyesha mahali sumu ilikozidi.

Mwaka 2010, huko Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walifariki kwa sumu ya risasi baada ya mawe ya dhahabu kusagwa majumbani. Vifaa hivi vilisaidia kujua ua upi usafishwe.

Je, hukosea?

Ndiyo. Mionzi ya aseniki hukaribiana sana na ya risasi, na udongo wenye maji hushusha kipimo. Zebaki ikiwa kidogo sana haionekani. Ndiyo maana baadhi ya sampuli hupelekwa maabara. Floraidi, inayosumbua maji ya maeneo kadhaa ya Singida, haipimwi na kifaa hiki. Kwa hiyo majibu mazuri ya udongo hayamaanishi kwamba maji yako ni salama.

Kumbuka pia kwamba hapo umepimwa udongo, si mtu. Risasi mwilini hupimwa kwenye damu; zebaki inayotokana na mvuke hupimwa kwenye mkojo.

Ufanye nini sasa?

Usisubiri kipimo ili uanze kujikinga:

- Usisage mawe wala kuchoma zebaki nyumbani, hasa palipo na watoto au mjamzito.
- Oga na ubadili nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.
- Nawisha watoto mikono kabla ya kula.
- Mtoto akipata degedege, mpeleke kituo cha afya mara moja. Ukiwa na mikono inayotetemeka, nenda ukapimwe. Mweleze mhudumu kwamba mnaishi au mnafanya kazi karibu na uchenjuaji wa dhahabu. Asipojua hilo, anaweza asifikirie sumu.