Shantie ao biro ya etide: utaanzia wapi?

Ndugu na dada wenye munamaliza jeni sivili, ulizo iko hii: utaanza kwa kampani yenye kujenga, ao kwa biro ya etide? Wengi wanaangalia tu mushahara wa kwanza. Lakini njia hizi mbili hazifundishe mambo sawasawa.

Kwa kampani, kazi yako ni kusimamisha plani katika udongo. Unahesabu simenti, vyuma na mazuti, unapanga watu, unakimbizana na mvua na tarehe. Unajifunza haraka, juu kosa linaonekana palepale: kofraji ikifunguka wakati wa kumwanga betoni, unapaswa kukata shauri saa ile ile. Ubaya wake: mara nyingi mukataba unaisha pamoja na shantie, na shantie inaweza kuwa mbali na jamaa.

Kwa biro kuna kazi mbili zenye watu wanachanganya. Etide ni kupima udongo, kufanya hesabu na kuchora plani. Kontrole ni kusimama kwa shantie kwa niaba ya mwenye kujengewa. Hapo, nguvu yako ni sinyatire. Vipande vya betoni vinavunjwa kwa labo kisha siku 7, tena kisha siku 28. Matokeo ikikuwa chini, wewe njo wa kusema hapana, hata kama shefu wa shantie anakupita miaka 20, hata kama anakuletea bahasha.

Na hapo njo kuna hatari. Fundi akiongeza maji ndani ya betonieri, betoni inamwangika muzuri, lakini nguvu yake inapunguka. Kitabu kinakufundisha hiyo. Lakini kuitambua kwa macho, na kuikataza mbele ya watu wote, inaomba mutu mwenye amekwisha kuchafuka na simenti.

Kwa hiyo, kama unaweza kuchagua, anzia kwa shantie miaka miwili ao mitatu. Kama ni biro yenye inakuita kwanza, usikatae: omba wakutume kwa kontrole, usibakie kwa kompyuta tu. Na ukiwa kwa kampani, omba kufanya metere na dekonti. Kama hapana, utabakia wa kuhesabu watu asubuhi.

Mbele ya kutia sinyatire kwa mukataba, uliza: nani atanifundisha? Mukataba ni wa muda gani? Nitaandikishwa kwa CNSS? Majibu ya maulizo hayo matatu yanapita jina kubwa la kampani.