Simu inavyoweza kukuza benki za Kiislamu

Muuza nguo wa Mombasa anataka shilingi 10,000 aongeze mzigo kabla ya Idi. Akibonyeza simu, mkopo unaingia hapo hapo. Shida ni riba, ambayo Uislamu umeiharamisha. Anaacha, na msimu unampita.

Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007. Mwaka uliofuata, Gulf African Bank na First Community Bank, zinazofuata sharia, zilifungua milango. Lakini mikopo ya simu iliyoshika kasi, kama M-Shwari ya 2012, haikujengwa juu ya misingi hiyo. Halal Pesa, inayopatikana kupitia M-Pesa, ilikuja 2022.

Njia mbadala ni ipi?

Inayojulikana zaidi ni murabaha. Benki inanunua bidhaa, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa kuongeza faida inayojulikana tangu mwanzo. Mteja analipa kidogo kidogo, na bei haipandi hata akichelewa.

Simu inasaidia vipi?

Kwanza, gharama. Murabaha ina hatua na makaratasi mengi. Kwa mzigo wa shilingi 10,000, usumbufu huo unaweza kumeza faida yote. Programu ya simu inaweza kumlipa muuzaji wa jumla na kuandaa mikataba kwa dakika chache.

Pili, hesabu. Kwenye mudharaba, benki inatoa mtaji, mfanyabiashara anatoa kazi, faida wanagawana. Benki nyingi zinaikwepa kwa sababu ni vigumu kujua duka limeuza kiasi gani. Wateja wakilipa kwa simu, kila mauzo yanaacha rekodi.

Tatu, uwekezaji mdogo. Mwaka 2017 Kenya iliuza hati fungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Hiyo ilikuwa ya riba, lakini njia hiyo hiyo inaweza kuuza sukuk, ambapo mwekezaji anamiliki sehemu ya mali na kupata sehemu ya mapato yake.

Hatari iko wapi?

Iko kwenye haraka. Programu ikiruka hatua ya kununua bidhaa, ikatuma pesa na kuita nyongeza "faida", hiyo ni riba iliyovalishwa kanzu. Ndiyo maana masheikh wa bodi ya sharia wanapaswa kukagua kila hatua, si jina la huduma tu.

Naye muuza nguo, kabla ya kubonyeza "kubali", ana maswali mawili ya kuuliza: benki imenunua bidhaa gani, na faida yake ni kiasi gani?