Raketi imevunjika? Soma namba zake kabla ya kununua nyingine

Na Mwandishi Wetu

WACHEZAJI wawili wa upande mmoja wanakimbilia kinyoya kimoja, raketi zinagongana, na fremu moja inapasuka. Katika mchezo wa vinyoya, yaani badminton, ajali hiyo ni ya kawaida. Gharama huja baadaye. Mwenye raketi anakwenda dukani, anaonyeshwa yenye jina kubwa na rangi za kuvutia, analipa, na wiki mbili baadaye analalamika kwamba kiwiko kinamuuma.

Wengi wa wanaocheza hapa kwetu huagiza raketi kwa ndugu anayerudi kutoka ng'ambo, au kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka. Ukikosea kuagiza, kuirudisha bidhaa ni kazi kubwa. Ndiyo maana inafaa kujua mapema unachokitaka.

Mchezo wenyewe si mgeni tena katika ukanda huu. Mganda Edwin Ekiring alicheza Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na mwaka 2024 timu ya wanawake ya Uganda ilicheza fainali za Uber Cup mjini Chengdu, China. Palipo na wachezaji pana soko la raketi, na pia pana wa kudanganywa.

Anza na ile ya zamani

Usiitupe raketi iliyovunjika kabla ya kuisoma. Pale mpini unapokutana na ufito, mara nyingi pameandikwa herufi na namba kama 4UG5. Herufi U huonyesha uzito: 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, na 5U ni 75 hadi 79. Namba ikipanda, uzito hushuka. Herufi G ni unene wa mpini; kwa raketi za Yonex, G5 ni mwembamba kuliko G4. Karibu na hapo huandikwa pia kiwango cha mkazo wa nyuzi, kwa ratili.

Ziandike namba hizo. Kama raketi ile ilikufaa, tafuta nyingine yenye namba hizohizo, hata kama rangi na jina ni tofauti. Kama ilikuwa na kasoro, badili jambo moja tu. Ukibadili uzito, ufito na nyuzi kwa pamoja, hutajua kilichokusaidia wala kilichokuumiza.

Unachezaje?

Hapa jibu swali kwa ukweli, usijibu kwa kumwiga bingwa uliyemwona kwenye televisheni. Kama unapenda kukaa nyuma na kushusha kinyoya kwa nguvu, pigo ambalo wachezaji huliita smashi, raketi yenye kichwa kizito itakusaidia. Kama unacheza wawili wawili, unasimama karibu na wavu na kuzuia mipira ya haraka, kichwa chepesi kitakuwahisha. Asiyejua bado achague iliyo katikati. Kwa Yonex, Astrox ni jamii ya kichwa kizito, Nanoflare ni ya kichwa chepesi, na Arcsaber iko katikati.

Huhitaji mashine kupima. Ilaze raketi juu ya kidole kimoja mpaka itulie, kisha pima kutoka mwisho wa mpini hadi kwenye kidole. Ikitulia karibu na milimita 290, ni ya wastani. Ikizidi 295, kichwa ni kizito. Ikiwa chini ya 285, kichwa ni chepesi.

Ufito na nyuzi

Ufito laini hupinda na kumsaidia mwenye mkono wa polepole kukifikisha kinyoya nyuma. Ufito mgumu humfaa mwenye mkono wa haraka, kwa kuwa pigo lake huenda pale alipolenga. Mkono wa kawaida ukipewa ufito mgumu hulazimika kufanya kazi yote wenyewe, na bega huanza kulalamika.

Nyuzi nazo ni hivyo hivyo. Mchezaji wa kawaida anatosheka na ratili 20 hadi 24. Kukaza zaidi huongeza uhakika wa kulenga lakini hupunguza msaada wa nyuzi, na ukipita kiwango kilichoandikwa, fremu inaweza kupasuka. Kumbuka pia kwamba raketi nyingi za bei ya juu huuzwa bila nyuzi. Kabla ya kusafiri nayo, hakikisha huku uendako yupo fundi mwenye mashine ya kukazia.

Kabla ya kulaumu raketi

Anayerudi kutoka Ulaya hushangaa: kila akipiga, kinyoya kinatoka nje. Huamua kwamba raketi ina nguvu mno na kununua nyingine. Mara nyingi kosa ni la kinyoya. Kwenye joto na miinuko, kama Kampala iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kinyoya hukimbia zaidi. Tumia cha polepole: kwa manyoya, namba ndogo kama 75, kwa plastiki, chenye mkanda wa kijani. Jaribu hilo kwanza, maana ni rahisi kuliko raketi mpya.

Kwa mfanyabiashara

Anayeleta mzigo asijaze raketi za mabingwa. Zenye uzito wa 4U, ufito wa wastani na kichwa cha wastani ndizo zinazowafaa wanunuzi wengi. Kagua kila moja kwa kupitisha kidole kuzunguka fremu yote, kwani ufa mdogo huhisiwa kabla ya kuonekana. Raketi ya kiwango cha juu inayouzwa kwa bei ya raketi ya watoto itiliwe shaka.

Jingine ni la mpakani. Hati rahisi ya uasilia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Raketi iliyotengenezwa China au Japani haihusiki, hata kama uliinunua Kampala au Nairobi. Ulizia ushuru kabla ya kupanga bei, usije ukala mtaji.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuzaji atasifia alicho nacho rafuni, na si ajabu. Wewe nenda na karatasi yenye namba za raketi yako ya zamani, uanzie hapo.